Molekuli ya Thelathini na Saba

Maabarani wananiita Bi Rudia, na wanadhani sijui. Jina nimelipata kihalali. Mwanafunzi akiniletea matokeo mabaya namwambia rudia, akiniletea mazuri namwambia rudia, na akinuna namwambia aende akanunie hukohuko anakorudia. Miaka kumi na tisa nimekuwa fundi mkuu wa chumba kile, na sijamwacha mtu atoke na namba ambayo haijalinganishwa na kitu. Ndiyo maana hiki ninachosimulia kinanitia aibu mpaka leo, na wala sitakipamba.

Kazi yetu nitaieleza kwa ufupi, maana nikianza huwa sinyamazi. DNA mmeiona vitabuni, kamba mbili zimesokotana kama ngazi ya kuzunguka. Ila kuna sehemu chache, hasa nchani, ambako kamba moja hujikunja yenyewe, pande nne zikashikana, ikawa fundo. Seli ya saratani inataka kuzaana bila kuchoka, na ili iweze, fundo hilo lazima lifunguke. Sisi tunatafuta molekuli ndogo ya kukaa juu ya fundo na kulikaza. Tunaweka fundo kwenye vijitubu, vile vichupa vyembamba vya plastiki, tunatia molekuli, mashine inapasha joto polepole na kutuambia fundo limefunguka kwenye digrii ngapi. Likichelewa kufunguka, ujue limeshikwa.

Molekuli thelathini na sita zilikwisha kutuangusha. Nyingine ziliongeza digrii moja, nyingine hata hiyo moja hazikuongeza. Ya thelathini na saba, unga wa rangi ya chungwa usiojaa hata ncha ya kijiko, iliongeza digrii kumi na nne.

Nilikaa chini. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, profesa yuko safarini, wanafunzi wako likizo, na mlinzi wa getini nilipomsalimu kwa bashasha alinitazama kama niliyeokota kitu cha watu. Nikarudi nyumbani. Kwangu kuna viti vinne, kimoja nakikalia na vitatu vimebeba makaratasi. Nikala nimesimama, kama kawaida yangu, huku furaha imenijaa kifuani na sina wa kumgawia.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Ndani ya mwili mafundo ni machache na DNA ya kawaida ni tele. Kwa hiyo molekuli lazima uimwagie DNA ya kawaida kwa wingi, uone kama bado italichagua fundo. Ikiliacha na kung'ang'ania kila inachokutana nacho, hiyo si dawa, ni sumu tu. Kipimo hicho sikukifanya. DNA ya kawaida ilikuwa imetuishia na mzigo mpya ulikuwa njiani. Mwanafunzi angenijia na digrii kumi na nne bila kipimo hicho ningemfukuza mpaka nje. Mimi mwenyewe nilisubiri hadi kesho yake tu, Jumapili saa nne, kaka yangu aliponipigia simu.

Kaka ni kinyozi. Mkewe amefariki, wanawe wako ng'ambo, na kila Jumapili saa nne hunipigia kabla hajafungua duka. Huuliza kazi inaendeleaje, kisha hasikilizi jibu, ananisimulia vichwa alivyonyoa. Wiki tatu nyuma hospitali walikuwa wamemgundua uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Daktari alimtaka aingie chumba cha upasuaji kabla ya mwezi kuisha, na kaka, mtu anayeshika wembe kutwa nzima, kisu alikiogopa kuliko mtoto anavyokiogopa.

Siku hiyo nilisema mimi. Nusu saa nzima nilimweleza fundo, joto, digrii, rangi ya chungwa, na yeye akinisikiliza. Nilipomaliza akauliza taratibu, kwa hiyo mtu akiipata hiyo kitu, hakatwi?

Nilijua jibu. Toka kwenye kijitubu mpaka duka la dawa ni miaka kumi na zaidi, na molekuli nyingi zinafia njiani. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini sauti yake ilikuwa imepata uhai niliokuwa sijausikia tangu mkewe azikwe, na mimi kichwa kilikuwa kimevimba.

"Subiri kidogo, kaka," nikasema. "Tuone."

Basi akaanza kunipigia na Jumatano. Kisha kila siku jioni. Anauliza molekuli yetu imeamkaje, kana kwamba ni mgonjwa aliyelazwa kwangu. Alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba mdogo wake anafunga mafundo ambayo shetani mwenyewe hafungui. Nilicheka, na sitadanganya, nilipenda. Katika maisha yangu yote simu yangu haijawahi kulia hivyo. Nilianza kurudi nyumbani mapema ili inikute nimekaa. Aliponiambia ameahirisha tarehe ya upasuaji nilimuuliza kama anakula vizuri. Alipoahirisha mara ya pili nikamuuliza kama analala. Nilijitia hamnazo, na nilijua kwamba ninajitia.

Mzigo ulikwama forodhani, ukafika wiki ya tisa. Niliufungua mwenyewe, nikapanga vijitubu safu mbili: safu ya juu fundo na molekuli, safu ya chini vitu hivyohivyo pamoja na DNA ya kawaida tele. Mashine ilianza kupasha joto. Safu ya juu ikanipa digrii zangu kumi na nne. Safu ya chini ikafunguka palepale ambapo ingefunguka bila molekuli yoyote. Nusu digrii haikufika.

Nikarudia. Nikabadilisha maji, nikapima upya chumvi, nikarudia tena. Molekuli yetu ilikuwa malaya, samahani kwa lugha, inashika yeyote. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiosha vyombo aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia aoshe vyombo.

Nilimpigia kaka kutoka kwenye ngazi za dharura, mahali ambapo hakuna anayepita. Mashine ya kunyolea ilikuwa ikilia upande wake. Nikamwomba aizime kwanza. Nilikuwa nimepanga maelezo marefu na yote nikayaacha.

"Ile molekuli haifai," nikasema. "Nenda hospitali, kaka. Leo."

Nilimsikia akimwambia mteja wake asubiri, kisha mlango ukafungwa.

"Umerudia?" akauliza.

"Mara tatu."

"Basi."

Nikaanza kuomba radhi na yeye akanikatiza. Akasema nisijisumbue, kwamba katika yote niliyomweleza hakuelewa hata nusu, alikuwa akisikia tu jinsi ninavyofurahi, na hajanisikia hivyo tangu tukiwa watoto. Kisha akasema neno ambalo lilinichoma kuliko lawama yoyote. Alisema hakuwa akisubiri dawa tu. Kwenda pale hospitali na kukaa kwenye lile benchi bila mtu ubavuni ndiko kulikomshinda, na hakujua namna ya kuniomba, kwa kuwa mimi kila siku nina mashine inayopasha joto. Miaka kumi na tisa sijachukua likizo hata moja, na mtu wangu wa pekee alikuwa anaona haya kunisumbua.

Siku ya tatu tulikuwa kwenye benchi. Alikuwa amejinyoa vizuri, amevaa shati la kutokea, anamtania muuguzi kwamba aliyemkata nywele ashitakiwe. Alikuwa amekonda. Kwenye simu mtu hakondi, na mimi nilikuwa sijamwona kwa miezi saba. Nilimwangalia mkanda wake ulivyotobolewa tundu jipya kwa msumari, nikaangalia pembeni.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alipanga picha mbili kwenye kioo chenye taa. Ya kwanza, akasema, uvimbe ulikuwa umekaa mahali pamoja. Ya pili ni ya leo asubuhi, na haya madoa yako kwenye ini. Hakupandisha sauti. Akatugeukia na kuuliza hizi wiki kumi na mbili zilikwenda wapi.

"Uzembe wangu, daktari," kaka akasema upesi. "Wateja walikuwa wengi, nikawa nasema kesho, kesho."

Daktari akainamia karatasi yake aandike. Ningeweza kunyamaza. Kaka alikuwa ameshanifungulia mlango, na mtu wa tatu wa kujua hakuwepo. Nilitazama ile kalamu ikianza kwenda.

"Usiandike hivyo," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Mimi ni fundi wa maabara, nilikuwa na matokeo ambayo sikuyalinganisha na kitu, nikampa kama dawa."

Kaka akasema nisisikilizwe, kwamba tangu utotoni nina kiherehere cha kujitwika mambo. Daktari alitutazama wote wawili kwa zamu. Kisha akaandika kitu kifupi, akaanza kutueleza habari za dripu ya dawa za saratani, ambayo sasa ingetangulia, na kisu baadaye, kama kingefaa tena. Nilisikiliza kila neno na nilielewa kila neno, na hiyo haikuwa nafuu hata kidogo.

Tulipofika ukumbini kaka alikuwa amekasirika. Ni mara chache nimemwona hivyo. Alisimama katikati ya njia, watu wakawa wanatupitia pembeni.

"Mbona umesema?" akauliza. "Mimi nilishalimaliza."

"Kwa sababu ndio ukweli."

"Ukweli tunaujua sisi wawili. Mimi nikishaondoka, utabaki nao wewe peke yako, na sasa umeandikwa. Nilitaka nikuachie angalau karatasi inayosema kosa ni langu."

Machozi yalinitoka hadharani, mimi Bi Rudia, na sikuyafuta. Nikamshika mkono, tukaenda kuuliza chumba cha kutolea damu kiko wapi.