Kisigino cha Mshono Mmoja

Mpwa alipitisha uzi kwenye kisigino mara moja tu, akaukata kwa meno. Makusudi mazima. Kiatu kilikuwa chake mwenyewe, maana hata angekasirika vipi asingemfanyia mteja uchafu ule.

"Hicho kitaachia kabla hujafika kwako," alisema Chaji, jirani yake anayetengeneza simu.

"Ndiyo ninachotaka. Hebu nipigie picha."

Sokoni wote walimwita Mpwa, kwa sababu mjomba wake, aliyemfundisha kazi na kumwachia kibanda, hakuwahi kumwita kingine. "Mpwa, kisigino hushonwa mara mbili! Mguu wa mtu si kifurushi!" Sasa magoti yamemchosha mzee, amehamia mbali kwa binti yake. Na aliondoka amenuna. Kisa? Siku ya kuagana alikuta kibanda kimepakwa rangi ya waridi. Maskini Mpwa alidhani anamfurahisha! Mzee alitazama, akasonya, akapanda gari bila hata kusema "kazi njema". Maneno hayo mawili Mpwa aliyataka kuliko kibanda chenyewe.

Kumpigia simu ilikuwa kazi bure, masikio ya mjomba yalishagoma. Kumwandikia moja kwa moja, Mpwa aliona aibu. Ila huyo binti, binamu yake Mpwa, alikuwa amemfungulia mzee akaunti kwenye mtandao mdogo wa wapenda bustani. Mpwa naye alikuwa kwenye wake, wa mafundi, ambako kila siku aliweka picha ya kiatu alichokitengeneza. Mitandao miwili, kila mmoja na wenyewe, na huyu haoni ya yule.

Chaji ndiye aliyemuunganishia. "Kuna daraja," alimwambia. "Ukilifungua kwenye akaunti yako, unachoposti huku kinaonekana na kule. Mzee akufuate tu."

Binamu akaleta habari: baba anakufuata, picha anaziona. Mpwa akaanza kusubiri. Aliweka buti la askari, kimya. Viatu vya bibi harusi, kimya. Mpaka ndala zake za kuogea aliziweka, walau mzee amcheke. Wapi!

"Ananiona na ananyamaza," alimwambia Chaji, machozi yakiwa karibu. "Amenitupa jumla."

Ndipo likamjia wazo la kisigino. Mjomba angeweza kuvumilia rangi ya waridi, angeweza kuvumilia magoti, lakini mshono mmoja? Thubutu! Picha ikaenda, na chini yake akaandika: "Kisigino, mshono mmoja. Unatosha."

Hata gundi haijakauka, ujumbe wa binamu ukaingia kwenye simu.

"Dada, umemfanya nini baba? Anagonga meza kwa fimbo! Anasema anakujibu kila siku, wewe ndiye humjali!"

Chaji alisoma, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Jamani! Na yeye alipaswa kulifungua daraja upande wake. Picha zako zimevuka, maneno yake yamebaki kule kule."

"Kumbe amekuwa akinijibu?"

"Kila siku, mama. Mwambie binamu yako alifungue sasa hivi."

Mpwa alicheka, akalia kidogo, akacheka tena. Muda si muda jibu la kwanza likavuka.

"Fumua hicho kisigino. Buti la askari ulilipatia, nilikusifu hukuitika. Viatu vya harusi ulizidisha gundi, nilikukemea hukuitika. Nikasema basi, mtoto amekasirika kwa vile nilisonya. Fumua, shona mara mbili, nione."

Mpwa akafumua. Alishona mstari wa kwanza, akarudi na wa pili juu yake, polepole. Akapiga picha, akaituma, akaiegemeza simu kwenye kopo la gundi. Yeye na Chaji wakaikodolea macho.

"Hapo sawa," mzee aliandika. "Kazi njema, Mpwa. Ila hiyo rangi!"

Mpwa akakivaa kiatu, akatoka nje mbele ya kibanda chake cha waridi, akakanyaga chini kwa nguvu mara mbili. Kisigino kikashika.