Mama Aliyeuawa Ukurasa wa Tatu

Udongo wa kaburi la mama ulikuwa bado mbichi waumini waliponiita ukumbini nikaikane riwaya. Ilimhusu marehemu baba, mwanzilishi wa kanisa letu, ambaye wao humwita Mtumishi na wengine huapa kwa jina lake. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba kabla ya kuhubiri, baba alijifungia chooni akalia, akiogopa kwamba huenda Mungu hayupo. Mji mzima ukachachamaa.

Nilikuwa nimeisoma yote. Kilichonichoma ni ukurasa wa tatu: mama anakufa kwa homa, baba anabaki mgane kijana, peke yake na Mungu wake. Mama huyu, tuliyemzika juzi akiwa na wajukuu! Cherehani yake ndiyo iliyotulisha miaka yote baba alipohubiri bure. Na sauti ya baba ilikuwa ndogo, haifiki benchi la pili. Mama alisimama kando yake akirudia kila sentensi kwa nguvu. Watu waliokoka kwa mdomo wa mama.

"Haya, binti yetu," alisema katibu wa kanisa, "sema tu ni uongo, yaishe."

"Uongo upo. Mama hakufa kijana."

Katibu akatabasamu. "Hilo dogo, mwanangu. Hata sisi kwenye historia ya kanisa hatukumtia. Tuzungumzie choo."

Mwandishi, aliyekalishwa mbele kama mshtakiwa, akaitikia kwa kichwa. "Ni riwaya, dada. Mtu mpweke anasomeka vizuri zaidi."

Hawa wawili hawakuwa wamesalimiana tangu asubuhi! Husemwa wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Tembo hawa walikuwa wamepatana, na nyasi zikaumia vilevile.

"Choo ni kweli," nikasema. "Nilikuwa mlangoni nasubiri zamu yangu."

Shangazi akaangua kicheko kule nyuma. Nikaweka kipaza sauti mezani, nikatoka.

Mwandishi akanifuata hadi nje. "Toleo lijalo nitamrudisha. Nieleze, alikuwa mtu wa namna gani?"

"Ulikuja kwetu mara nyingi kuuliza habari za baba. Nani alikuwa akikufungulia mlango?"

Akainamisha macho. "Yeye."

"Na siku ile uliposema hujala tangu asubuhi, nani alikukaangia mayai?"

"Yeye, dada."

"Ulimuuliza nini?"

Nilisubiri jibu, maana nilitaka kweli kulisikia. Katibu akamwita arudi ndani, naye akarudi.