Aliyekosea Anyooshe Mkono

Waliosha miguu kwenye ndoo moja, wasichana kumi na wawili, ndani ya stoo ya uwanja wa mpira wa kikapu ambayo dirisha lake lilizibwa kwa bati. Ndoo ilipofika kwa wa tisa, maji yalikuwa rangi ya chai. Kocha hakutaka yabadilishwe. Bomba lilikuwa mbali na wageni walikuwa njiani.

"Kausheni vizuri katikati ya vidole," alisema. "Soksi ikilowa, kiatu kinanuka."

Yeye mwenyewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkasi mkononi. Alitoa kiatu kipya cheupe kwenye boksi, akakigeuza, akakibandika selotepu pana ya kahawia kwenye soli nzima, toka kisigino hadi kwenye vidole, akaisugua kwa kiganja mpaka ikalala. Karatasi ya bei hakuing'oa. Aliisukuma ndani, chini ya ulimi wa kiatu, kisha akakipitisha kwa mwenyewe.

"Kocha, na hivi navyo vinarudi dukani?" aliuliza Kibiriti, mdogo kuliko wote kwa umbo na wa kwanza kwa mdomo.

"Vaa."

"Nauliza tu nisije nikavizoea. Vya mwaka jana nilivizoea, mpaka leo naviota."

Wenzake walicheka. Kocha hakucheka.

Aliyekuwa mwisho kwenye mstari ni nahodha wao. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kwa urefu wake walimwita Mlingoti. Viatu vya saizi yake havikuwahi kuwemo kwenye yale maboksi. Alikunja vidole, akasukuma kisigino, akasimama. Selotepu iliteleza kwenye sementi, akashika ukuta.

"Utazoea," Kocha alisema bila kuinua macho. Kisha akaongeza polepole, "Leo usiniangushe, mwanangu. Fomu yako iko mezani kwa Mkurugenzi. Imebaki saini tu."

Hakuhitaji kukumbushwa. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili, ada iliposhindikana, na tangu hapo alikaa na shangazi yake, dobi, katika chumba kimoja kilichojaa nguo za watu. Asubuhi alipuliza mkaa wa pasi, mchana alipeleka mafurushi kwa wenyewe. Jioni mbili kwa wiki alikuja uwanjani. Mradi ulioendesha timu yao ulikuwa na nafasi moja ya kusomeshwa kwa mwaka, nayo ilikuwa ya nahodha. Usiku ule fomu ilipojazwa, Shangazi aliiweka juu ya meza ya kupigia pasi, akaweka kiganja juu yake, akaomba kwa muda mrefu hata mkaa ukazima. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akirudia tu, "Baba, umwone na huyu."

Siku za mazoezi, kabla ya kugusa mpira, walikaa chini robo saa na Kocha akawasomea kwenye kijitabu cha Mradi: kujiamini, kutunza muda, kusikilizana. Lakini somo walilolipenda halikuwemo kitabuni. Lilikuwa la Kocha mwenyewe. Hapo kwao faulo haikupigiwa filimbi. Aliyekosea alinyoosha mkono mwenyewe, akasema kwa sauti "Ni mimi," akaeleza alichofanya, akampa mwenzake mpira. Timu za viwanja vingine ziliwacheka, zikawaita wanakwaya. Mechi ngapi walifungwa kwa ajili hiyo! Kocha hakubadilisha. "Mpira utaisha," aliwaambia. "Mkono mtabaki nao."

Mlingoti aliamini maneno hayo kuliko jambo lolote aliloambiwa na mtu mzima.

Wageni, wafadhili wa Mradi, walikuja wanne, na gari la kamera nyuma yao. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye kofia pana, asiyejua Kiswahili. Mkurugenzi wa Mradi alitembea ubavuni mwake akimtafsiria. Shati lake lilikuwa limenyooka mikunjo yote, Mlingoti alilitambua. Alilipiga pasi mwenyewe juzi.

Mechi ilianza, wao kwa wao. Walicheza kama kuku kwenye utelezi, hatua fupifupi, mikono imetanuka. Dakika ya tano Mlingoti alipokea mpira chini ya goli, akageuka, mguu ukamponyoka. Alianguka na urefu wake wote juu ya Kibiriti. Walisikia kitu kikilia, kidogo tu, kama kijiti.

Kibiriti hakupiga kelele. Alikaa chini akaushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akautazama kana kwamba ameokota mkono wa mtu.

Mlingoti alinyanyuka, akanyoosha mkono juu kabisa.

"Ni mimi."

Kamera zilimgeukia. Mama mwenye kofia aliuliza jambo, Mkurugenzi akamjibu kwa bashasha, na mama yule akaweka kiganja kifuani. Akaja mpaka katikati ya uwanja. Akauliza tena, safari hii akimtazama Mlingoti.

"Anauliza," alisema Mkurugenzi, "nini kimetokea. Mwambie tu uliteleza."

Kanuni ilisema ueleze ulichofanya. Mlingoti alimtazama Kocha. Kocha alikuwa kando ya mstari, macho yamemtoka, akitikisa kichwa taratibu, kushoto, kulia. Mlingoti aliikumbuka fomu. Akamtazama Kibiriti pale chini, mkono umeshaanza kuvimba.

Aliinua mguu mmoja, akaigeuza soli juu.

"Nimeteleza kwa sababu ya hii selotepu," alisema. "Imebandikwa ili viatu visichafuke. Wageni wakiondoka vinarudi dukani. Nilijua vinateleza, nikakimbia hivyohivyo. Ndiyo faulo yangu."

Mkurugenzi alicheka kidogo, akamshika bega, akaanza kutafsiri. Alitafsiri kwa kirefu. Kidato cha pili kilikuwa kimemwachia Mlingoti maneno machache ya lugha ile, na mawili aliyasikia waziwazi: *wanapenda* na *usafi*. Mama mwenye kofia alivua miwani. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akasema kitu huku akiwatazama wasichana wote.

"Mama anasema," Mkurugenzi alitangaza, "amewahi kuona watoto wengi, ila wanaopenda zawadi yao mpaka wanaifunga isichafuke, hajawaona. Anasema bandueni, mcheze. Viatu ni vyenu."

Kelele zilizuka. Walikaa chini wakibandua, wengine kwa meno, wakitupa vipande hewani. Kibiriti alibanduliwa vyake na mwenzake, akacheka huku analia. Walicheza nusu saa kama watu waliofunguliwa. Sementi ililamba soli, vumbi likapanda kwenye weupe. Mlingoti peke yake alisimama amevishika vipande vyake viwili, hajui avitupe wapi. Mpigapicha alimwambia anyooshe mkono tena, kama mwanzo. Akanyoosha.

Gari la wageni lilipokata kona, Kocha alileta magunia mawili.

"Vueni. Vinakwenda kufuliwa."

Hakuna aliyeuliza vitafuliwa wapi. Kibiriti alitangulia kuondoka, mkono umefungwa kwa kanga ya mtu, peku.

Mkurugenzi alimwita Mlingoti ofisini. Kocha alikuwa amesimama pembeni ya kabati la vikombe. Fomu ilikuwa mezani. Aliutambua mwandiko wake mwenyewe.

"Kaa, mwanangu. Shangazi hajambo?"

"Hajambo, shikamoo."

"Marahaba. Sasa niambie bila woga. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Duka halipokei kiatu kilichokanyaga chini. Unalijua hilo? Mipira, posho ya Kocha, hata bandeji ya yule mwenzako, vyote tunavipata kwa pesa ya viatu vikirudi. Wewe umesimama mbele ya watu ukaivua familia nguo."

"Nilinyoosha mkono tu. Ndiyo kanuni."

"Kanuni ya nani?"

Alimtazama Kocha. Alikuwa na hakika kabisa, kama mtu anayejua ngazi iko wapi gizani. Kocha angenyoosha mkono sasa. Si yeye aliyepiga magoti na mkasi? Kocha alikuwa anaitazama filimbi yake, akiizungusha, akiikagua kana kwamba ina ufa. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Kocha?" Mkurugenzi aliuliza. "Ni yako hiyo?"

"Mimi nafundisha kilichomo kitabuni, bosi."

Mkurugenzi aliitika kwa kichwa. Alifungua mtoto wa meza, akaitia fomu ndani, akafunga kwa goti.

"Uongozi ni kifua, binti yangu. Anayetapika kila alichokila hawezi kuongoza. Nenda nyumbani. Tutaangalia nidhamu yako, kisha tutaona."

"Tutaona lini?"

"Umeanza tena."

Nyumbani alimweleza Shangazi yote, wima, mlangoni. Shangazi aliendelea kupiga pasi shati moja, mgongo, mikono, kola. Mwisho akaiweka pasi kwenye kigae chake.

"Ulisema kweli?"

"Ndiyo."

"Basi." Akakunja shati. Baadaye sana, Mlingoti alipodhani amelala, alimsikia upande wa pili wa pazia akinong'ona, "Baba, huyu si alinyoosha mkono? Mbona hukumwona?"

Wiki iliyofuata lango la uwanja lilikuwa na kufuli. Mazoezi yamesimama mpaka itakapotangazwa, ilisema karatasi. Hata hivyo sauti ya mpira aliisikia, jioni, ukidunda ndani. Aligonga. Mpira ukanyamaza. Alisubiri mpaka ukaanza kudunda tena, ndipo akaondoka.

Bombani alikuta foleni. Wanne walikuwa wa timu. Alipotua ndoo, mmoja alinyoosha mkono juu. "Ni mimi!" alisema kwa sauti nyembamba. Wa pili akanyoosha. Wa tatu. "Ni mimi! Nimekosa viatu, ni mimi!" Wanawake wazima walicheka bila kujua wanachekea nini. Kibiriti, mkono ndani ya bandeji, hakunyoosha. Alikuwa anatazama maji yakijaa.

"Wamenipa unahodha," alimwambia Mlingoti alipopita, chini kwa chini. "Na ile fomu. Ningefanyaje, dada? Na mimi nina kwetu."

"Mkono unaendeleaje?"

"Unauma usiku."

Tangu siku hiyo Mlingoti aliteka maji saa sita ya jua, bomba likiwa halina mtu, na akazoea kupanga nguo kwa kuzisemesha: wewe wa mwalimu, wewe wa duka la dawa, wewe subiri.

Mwezi wa pili tangu hapo alikuwa anapeleka furushi, nguo bado zina moto wa pasi, alipoona watu wawili wanashuka kwenye ngazi nje ya uwanja. Walikuwa wamemaliza kutundika bango, refu kama ukuta wenyewe. Picha ilikuwa ni yake mwenyewe. Mkono umenyooka mbinguni, mdomo wazi, jua limempiga usoni. Mtu asiyejua angedhani anashangilia. Chini yake yaliandikwa maandishi mekundu: VIONGOZI WA KESHO.

Alisogea karibu. Aliutafuta mguu. Picha ilikuwa imekatwa juu ya magoti, na pale ambapo viatu vingekuwa zilipangwa nembo za wafadhili. Chini ya nembo lilikuwa lango, na kufuli.

"Dada, sogea, tunatoa ngazi," alisema mmoja wa mafundi, bila kumtazama.

Alisogea. Furushi lilikuwa linayumba kichwani, akainua mkono wa kulia kulishika, akasimama hivyo chini ya ule mkono mwingine, kwa muda, mpaka alipohisi nguo zinaanza kupoa.