Kufuli la Kiongozi wa Kwaya

Jiwe la kaburi la marehemu Rufus lilikaa barazani kwa mjane wake, Lavinia, tangu theluji ilipoyeyuka. Njia ya kwenda makaburini kwa Wagitksani, wenyeji wa asili wa Kanada, inapita kwenye lango la Bwana Pratley, mtu wa mjini mwenye nyumba ya mapumziko ziwani, na lango lina kufuli. Lavinia aliandika barua tatu. Akajibiwa kwa heshima zote kwamba kamati ya wenye nyumba inatafakari. Na ardhi ya kule ikishaganda haichimbiki tena mpaka mwaka mwingine.

Ndipo ikaja kwaya ya mjini kuwaheshimu wenyeji na ardhi yao. Watu arobaini, shali za rangi moja, na mbele yao kiongozi, Bwana Pratley yuleyule, macho yamemlowa kabla hata hajainua mkono.

"Wifi, huyu analia nini?" akanong'ona Ernestine, dada wa marehemu.

"Anatulilia sisi."

"Si angefungua lango tu?"

"Nyamaza. Ngoja kwanza wale."

Wakala. Supu ya samaki, mkate wa kukaanga, matunda ya porini. Mnene mmoja wa sauti ya nne akaongezewa mara tatu. Lavinia alihakikisha hakuna aliyekosa bakuli. Maana katika ukumbi wa karamu wa Wagitksani, mgeni akishakula, analotamka mbele ya watu limekwisha kuwa neno. Waliokaa ni mashahidi, na halirudi.

Kisha wakaimba: ardhi hii ni yenu, maji ni yenu, njia ni zenu, sisi ni wageni tu. Beti tisa. Waliimba vizuri, Mungu hapendi mtu anyimwe haki yake.

Makofi yalipotulia, Lavinia akasimama na mkoba wake wa kanisani.

"Wazee, mmesikia?"

"Tumesikia!" ukumbi ukaitika.

"Basi asanteni, wanangu. Jiwe limeshapakiwa garini. Twendeni mkatuimbie kaburini."

Bwana Pratley akacheka, akaona anacheka peke yake. "Mama, ule ni wimbo tu. Lango ni suala la kamati."

"Kamati ndiyo akina nani?"

Waimbaji saba wakaangalia viatu vyao.

"Umekula kwetu, mwanangu. Hapa mtu haimbi uongo na supu bado iko kooni."

Wakaandamana, shali zikipeperuka. Aliyeanzisha wimbo ni Ernestine, kwa sauti ya puani, na wanakwaya wakaona aibu kutoitikia. Langoni Bwana Pratley akapapasa mfuko huu, akapapasa ule, akarudi wa kwanza. Nyuma yake wote arobaini wakaimba "njia ni zenu", wakarudia, wakarudia tena. Akatoa ufunguo.

Gari likapita. Lavinia akaliokota kufuli, akalifuta kwa leso, akalitia mkobani ubavuni mwa Biblia.

"Mama, hilo ni langu."

"Ni lako kabisa, siwezi kuiba. Nakutunzia tu," akasema kwa upole, "maana naona lina tabia ya kujifunga lenyewe."