Jua la Mueni

Mbeyu alisokomeza tambara katika tundu la mwisho la ukuta, akarudi nyuma kuhakikisha hakuna mwanga uliosalia chumbani. Ndipo aliposikia pumzi za mtoto zimebadilika. Zilikuwa fupi, za haraka, kama za kuku aliyekimbizwa.

"Mueni! Mueni wee!"

Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamepinduka, midomo imeiva rangi ya zambarau. Mbeyu alimnyakua, akamfunika kanga gubigubi, akatoka mbio kuelekea hospitalini.

Miaka sita sasa alikuwa akilea watoto wa wafanyakazi wa hoteli pale mtaani Barani, na huyu alimpenda kupita wote. Mama yake, Jedida, alitoka Ukambani kuja kufua mashuka ya wageni. Aliondoka alfajiri, akarudi jua likizama. Alimwachia Mbeyu binti yake akiwa na miezi mitatu. Sasa Mueni alikuwa ametimiza mwaka na bado hakuweza kukaa bila kuegemezwa. Siku ya kwanza mtoto alipotetemeka, Mbeyu hakumuuliza mtu. Alijua ni nyuni, yule ndege apitaye juu ya mtoto mchanga akamwachia degedege. Nyuni ndiye aliyemchukua mwanawe Kahindi, zamani, shambani, alipomlaza chini ili apalilie mihogo. Basi alifunga dirisha. Mtoto alipotetemeka tena, akaziba na matundu. Kadiri mtoto alivyozidi kuugua, ndivyo Mbeyu alivyozidi kufunga.

Siku ya pili hospitalini, tabibu Gerishom, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliwaita wanawake wote wawili. Aliinua picha ya kifua mbele ya dirisha.

"Huu ndio moyo wake. Umevimba, unakaribia kugusa ubavu."

"Mtoto mdogo hivi, ugonjwa wa moyo?" Jedida aliuliza.

"Moyo ni nyama inayofanya kazi, mama. Ili ujikaze, unahitaji chokaa, yaani kalsiamu, iliyomo katika damu. Chokaa hiyo inatoka kwenye chakula, lakini mwili hauwezi kuichukua bila vitamini D. Na vitamini hiyo, kwa sehemu kubwa, ngozi huitengeneza yenyewe inapopigwa na jua." Alikishika kifundo cha mkono wa mtoto, kinene kama fundo la kamba. "Mifupa imekuwa laini. Damu imepungukiwa na chokaa, ndiyo maana anatetemeka, ndiyo maana moyo umechoka. Huyu analelewa wapi?"

Mbeyu alitazama miguu yake. "Ndani. Namficha. Kwa sababu ya nyuni."

"Mchana kutwa?" Jedida alimgeukia. "Miezi yote hiyo?"

"Mchana kutwa."

Gerishom aliiweka picha mezani. "Mama, sikuja kubishana nawe kuhusu ndege. Ninakwambia dawa yake ni matone haya, na jua. Kila asubuhi, nusu saa, mikono na miguu wazi."

Nje ya chumba Jedida alisema bila kumtazama, "Akipona nitamtafutia mlezi mwingine."

Mbeyu hakujitetea, wala hakwenda zake. Jedida aliporudi kwenye mashuka, kwa kuwa hoteli haikumpa ruhusa zaidi, yeye alibaki. Siku kumi na moja alilala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto. Alimwomba muuguzi amfundishe kuhesabu pumzi. Alijifunza kudondosha dawa mdomoni bila tone kupotea. Uvimbe ulioletwa miguuni na moyo kuchoka ulipopungua, yeye ndiye aliyeona kwanza.

Siku ya kutoka, alimkabili Jedida mlangoni.

"Mwanangu, nimezika mtoto mmoja. Huyu sikumfungia kwa uvivu. Nipe mwezi. Siku utakayomkuta ndani na jua limewaka, mchukue."

"Mwezi mmoja," Jedida akasema.

Asubuhi ya kwanza Mbeyu alitandika mkeka katikati ya ua, akamlaza Mueni na nepi tu. Jua lilimpata mtoto tumboni. Akakunja uso, akapiga chafya. Kunguru akaruka kutoka kwenye paa la makuti. Mwili mzima wa Mbeyu ulitaka kuinama, kumfunika, kukimbilia ndani. Alikaza viganja juu ya mkeka hadi vikaumia. Kunguru akapita. Mtoto aliendelea kupumua, na Mbeyu alizihesabu pumzi hizo moja moja kama alivyofundishwa.

"Mbeyu! Wamwanika mtoto kama papa?" jirani alimtania.

"Namwanika," alijibu, asigeuze shingo.

Kesho yake alitoka tena. Na kesho kutwa, na mtondo. Hofu haikumwacha, aliizoea tu, akatoka nayo. Wiki ya tatu Mueni alikaa mwenyewe, akayumba, akakaa tena.

Mwezi ulipotimia walirudi kwa Gerishom. Aliilinganisha picha mpya na ile ya zamani. "Bado," alisema, "lakini moyo unarudi mahali pake. Msiache."

Jedida alimbeba mtoto njia nzima. Walipofika uani akasimama, mikono yake iliyochubuka kwa sabuni imemzunguka mwanawe.

"Kesho nimlete saa ngapi, mama?"

"Saa zilezile."

Jumatatu iliyofuata, Mueni akiwa mkekani akichezea kifuniko cha sufuria, Mbeyu alimwona mpangaji mpya kwenye mlango wa pili. Alikuwa msichana aitwaye Wangu, aliyeshuka wiki ile kutoka bara na kichanga kilichofungwa blanketi mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo kichanga humtoi nje?"

"Naogopa," alisema Wangu. "Wamenionya kuna nyuni."

"Hata mimi naogopa," Mbeyu alimwambia.

Akamvuta Mueni mapajani, akasogea ukingoni mwa mkeka, akapangusa mchanga kwa kiganja mahali palipobaki wazi.