Majani ya Maboga Kiangazini

Mzee Upawa aligoma kula katikati ya kiangazi, na mkewe, mwanamke asiyetishwa na jambo dogo, maji yakamfika shingoni. Jina hilo mzee alibandikwa na wanafunzi wa shule ya bweni alikopika mpaka akastaafu, kwa sababu aliwapakulia kwa upawa uleule na hakumzidishia mtu hata angelia machozi ya damu. Baada ya kustaafu, yeye na mkewe, ambao Mungu hakuwajalia mtoto, walihamia shamba na kujiwekea sharti: wataishi kwa kile bustani inachotoa, kwa wakati wake. Mvua zikinyesha, ni mboga za majani na mahindi mabichi. Zikikatika, ni kunde kavu na viazi vilivyofukiwa mchangani. Nyanya ya dukani wakati wa kiangazi mzee aliiita uzushi. Majirani waliwacheka, nao wakawajibu kwa kunenepa.

Mwaka huu mvua iliwadanganya. Ilipiga rasharasha, mahindi yakachomoza, kisha ikaenda zake. Walichovuna hakikufika hata nusu ya kihenge. Jioni waliyomaliza kuvuna, Mzee Upawa alichungulia ndani, akarudisha kifuniko polepole, akasema ana kiungulia. Tangu hapo akawa mtu wa vijiko viwili vitatu na kusukuma sahani pembeni.

Mwanzoni mkewe alidhani ni deko la uzee.

"Unataka nini, mume wangu? Sema nikupikie."

"Majani ya maboga. Yale machanga, na karanga za kutwanga. Yakichipua nitakula."

"Kiangazi hiki? Umeyaona wapi?"

"Basi nitangoja. Mimi sina haraka."

Mke mwingine angeng'amua kuna jambo. Huyu aliamini, maana mtu aliyeweza kushinda miezi bila nyanya kwa ajili ya sharti lake, angeshindwaje kususia kunde kwa ajili ya majani? Alimzoea mno mumewe, na mazoea hayo yakamfumba macho.

Akapanda mbegu za maboga karibu na mlango wa jikoni. Kisima kilikuwa kimebaki tope, kwa hiyo maji aliyonawia uso aliyatumia kuoshea vyombo, na aliyooshea vyombo akayapeleka kwenye shina. Mchana alilifunika kwa khanga kuukuu. Alilibembeleza, na siku nyingine alilifokea: "Ota basi! Unaringa nini, nawe ni boga tu?" Ndani, mumewe alizidi kukonda. Suruali alianza kuifunga kwa kamba. Mkewe alipomwita muuguzi wa zahanati, yule binti alimpima huku na huku, kisha akamvutia mama pembeni.

"Mama, mzee hana ugonjwa. Hali tu. Mlishe."

Mama alitamani kumzaba kofi. Mlishe! Kwani alikuwa akimpikia mawe? Muuguzi alipoondoka, alikwenda nyuma ya jiko, akaing'ata khanga yake asisikike, akalia mpaka kifua kikamuuma.

Hatimaye shina likatoa majani, konzi moja tu, membamba na yamesinyaa. Aliyachuma yote. Akatwanga karanga za mwisho, akapika kwa moto mdogo, na harufu ilipopanda akajikuta anacheka peke yake jikoni. Alimpelekea bakuli kwa mikono miwili.

Mzee Upawa alilitazama bakuli kwa muda mrefu. Machozi yakamlengalenga.

"Hayo kula wewe," alisema.

Hapo mama akalipuka. "Unaniua! Uliomba majani, nimekuletea majani. Nimekukosea nini, mume wangu? Kama umenichoka, si uniambie?"

"Keti," mzee alisema. "Keti kwanza. Kule bweni kazi yangu haikuwa kupika tu. Ilikuwa kutazama ghala na kujua chakula kitafikisha watu wangapi likizo. Sikuwahi kukosea. Kihenge chetu, mke wangu, kinamfikisha mtu mmoja kwenye mavuno. Tukila wawili, tunaishia njiani sote."

"Na majani?"

"Nilijua hayataota. Nilitaka tu uache kunibembeleza, nisije nikalegea."

Mama aliliweka bakuli chini.

"Nani kakwambia nataka kufika peke yangu?" alisema. "Nifike, kisha nimpakulie nani?"

Aliondoka kwenda kwenye kihenge, akachota kunde na mahindi bila kupima. Alasiri aliweka sahani mbili mezani, zimejaa pomoni, akaketi mbele ya mumewe na kukunja mikono.

"Usipokula, sili. Na ujue tangu jana sijatia kitu mdomoni."

Walitazamana mpaka chakula kikapoa. Mwisho mzee akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo. "Umenishinda, mwanamke wewe." Akachukua kijiko. Alitafuna sana, akameza, na chote kikarudi. Mkewe akampangusa, akampa mchuzi wa yale majani. Nao ukarudi. Mzee akajaribu tena mwenyewe, kijiko kikigonga meno, na safari hii yalirudi hata yale maji aliyoshushia.

"Sasa nataka," alisema, na kwa mara ya kwanza hofu ilimjaa usoni. "Haki ya Mungu, sasa nataka. Koo ndilo limekataa."

Mama alikimbilia jikoni kukoroga uji mwepesi kuliko wote aliowahi kupika. Alikoroga huku analia kwa sauti, hajali tena nani anasikia. Kuni zilikuwa zinafuka moshi tu, moto hautaki kushika, naye akapiga magoti kuupuliza. Kutoka chumbani mumewe alikuwa akimwita.

"Fanya haraka, mke wangu. Nina njaa."