Dobi wa Mfereji

Irmtraud Mäckle alikuwa akikata keki ya plamu mumewe alipomaliza yai lake. Eugen alikuwa ameshasema neno lake la asubuhi, nalo lilikuwa "chumvi." Akavaa kofia yake yenye unyoya, akashuka ngazi kwenda kazini. Alikuwa kiongozi wa watalii hapa Esslingen, na watalii walimpenda kwa ulimi wake mtamu. Nyumbani ulimi huo ulikuwa likizoni.

Mahali alipopapenda kuliko saa ya ukumbi wa mji, kuliko hata ngome ya juu kwenye mizabibu, ni kando ya mfereji, nyuma ya kinu cha zamani. Hapo pana sanamu ya dobi, mwanamke wa jiwe aliyeinamia maji na mikono mitupu hadi kwenye viwiko. Eugen huvua kofia mbele yake. "Itazameni mikono yake," huwaambia wageni. "Imefua shuka za mji mzima, na bado ni mikono ya mtu anayependwa." Kisha humshika kifundo cha mkono, kwa upole, na wageni nao hupanga foleni kukishika wapate bahati. Kifundo hicho kimeng'aa kwa kushikwa.

Irmtraud aliyasikia hayo kila alipokwenda kununua mkate. Alisimama nyuma ya vyungu vya maua vya mwoka mikate, akimwonea wivu yule wa jiwe. Yeye naye alikuwa na mikono. Yeye naye alikuwa amefua shuka, tena za Eugen.

Alhamisi moja ya mvua, dobi alishuka kwenye jiwe aliloinamia, akamfuata Eugen nyumbani. Alipiga kengele, akajifuta miguu vizuri mlangoni, akaingia. Eugen akamvutia kiti. Irmtraud akatandika kitambaa chini yake, kwa sababu mgeni alikuwa akichuruzika maji ya kijani.

Kwetu Swabia, kusini mwa Ujerumani, kila jengo lina kibao cha kufagia. Zamu ya kufagia ngazi na mbele ya nyumba ikikufikia, jirani hukiangika mlangoni pako, na hapo hakuna udhuru wa mafua wala msiba. Aliye na kibao ndiye mwenye nyumba. Cheti cha ndoa kinakuja baadaye. Basi Bi Pfleiderer wa ghorofa ya chini alipopanda na kibao Jumamosi jioni, aliyefungua mlango ni dobi, tena kavaa aproni. Bi Pfleiderer akamkabidhi. Yule mama angemkabidhi hata shetani, mradi kafunga aproni.

Dobi alifagia. Vidato viwili vya ngazi vilipasuka kwa uzito wake, lakini kwenye pembe hakukubaki hata punje ya vumbi.

"Jirani, mgeni wako ana mkono!" Bi Pfleiderer alimwambia Irmtraud pale kwenye ngazi. "Hata nyuma ya mabomba kafika. Wewe miaka yote ulikuwa unapunga ufagio kama unamuaga mtu."

"Ni mgeni tu."

"Mgeni gani ana kibao? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu kajichukulia mwenyewe. Angalia, mama, asije akajichukulia na mengine."

Irmtraud alipanda juu kwa hasira. Eugen alikuwa mezani na bakuli la dengu. Dobi alikuwa jikoni akisugua sufuria.

"Eugen, huyu anaondoka lini?"

Eugen alitafuna.

"Si nasema na wewe? Basi mwache akae. Ila niambie na mimi neno. Moja tu, kama unavyowaambia wale watalii wako wa Stuttgart."

"Nikuambie nini?" aliuliza Eugen, na kwa kweli hakujua.

Jumatatu Irmtraud alifunga aproni, akaenda mferejini, akapanda juu ya lile jiwe lililoachwa wazi. Akakunja mikono ya blauzi, akainama. Mwoka mikate alimwamkia, akaendelea kupanga mikate yake. Irmtraud alikuwa amekata shauri: Eugen akibadilisha neno moja tu kwa ajili yake, hata kama ni kumtaja jina, atashuka pale, atarudi nyumbani na kumtupa yule mwanamke nje pamoja na maji yake.

Eugen alifika na wageni. Akavua kofia.

"Itazameni mikono yake," alisema, na sauti ilikuwa ileile, laini, yenye joto. Akayasema yote, shuka za mji mzima na mtu anayependwa. Kisha akamshika kifundo cha mkono. Irmtraud alikuwa amesahau kwamba kiganja cha mumewe kina joto.

"Mbona huyu anapumua?" aliuliza mgeni mmoja, mwalimu mwenye viatu vilivyolowa.

"Mawe ya bonde hili ni ya mchanga," Eugen alijibu. "Huvuta hewa."

Wageni wakapanga foleni. Hakuna neno lililobadilika. Eugen akavaa kofia, akawapeleka kwenye saa.

Irmtraud hakushuka. Alimchukia mume yule, na alitaka kumsikia tena.

Mchana dobi alikuja na kikapu cha sokoni, akasimama chini yake.

"Dada Irmtraud, mbona yule bwana hasemi?"

"Kwako pia?"

"Tangu niingie kwenu. Nafua, nafagia, nampakulia supu, kimya. Na hapa alikuwa ananiambia..." Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Shuka, dada. Hapo ni pangu."

"Nenda kafagie," alisema Irmtraud. "Kibao unacho wewe."

Dobi hakuondoka. Kundi la mchana lilikuwa limeshapinda kona ya kinu, na Eugen mbele. Dobi akasimama palepale, kikapu mkononi, macho yake ya jiwe yakiwa kwenye kifundo cha mkono cha Irmtraud, ambacho tayari kilikuwa kimeanza kung'aa. Hakuwahi kumwonea mtu kijicho kwa karne zote alizosimama pale, na sasa kilimwuma hasa.

Eugen alivua kofia, akafungua kinywa, akasita. Akamgeukia dobi.

"Samahani, mama," alisema, "sogea kidogo. Unawaziba wageni."

Dobi akasogea.